Sweta niliyobadilisha kwa mkate

Mzazi wa mjini anaijua vyema ile karatasi ambayo mtoto huitoa mkobani siku shule zinapofungwa. Huitoa polepole, macho chini, kwa maana anajua fika kwamba ndani yake mna neno la kununua. Mwezi wa Novemba mwaka jana binti yangu mwenye umri wa miaka kumi alinikabidhi yake. Safari hii haikuwa karo wala pesa za ziara. Mwalimu wa sanaa alitaka kila mtoto arejee shuleni Januari na kofia au skafu aliyoifuma kwa mikono yake mwenyewe. Mzazi aliombwa amsaidie mtoto kupata uzi na sindano za kufumia.

Mke wangu aliisoma, akanirudishia huku akicheka. "Hii ni yako, baba watoto. Si wewe uliyelelewa na Mama Sweta?"

Hakukosea. Kule kwetu Malava, wilaya ya Kakamega kama tulivyozoea kuiita kabla ya mambo ya kaunti, mama yangu alijulikana kwa jina hilo kabla hata sijazaliwa. Lakini mke wangu hakujua kwamba neno "sweta" hunichoma moyoni kila ninapolisikia. Kuna jambo nililolifanya mwaka wa 1991 ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata yeye.

Jioni ya siku ya pili nilipita Biashara Street kuulizia bei. Uzi ulikuwepo wa kila rangi, umepangwa rafuni hadi darini. Nilitoka nje nikampigia mama simu ili nimwulize mtoto atahitaji madonge mangapi. Hakunijibu swali langu.

"Usinunue kitu huko," alisema. "Mlete mtoto. Uzi tutaununua hapa Malava, mimi na yeye."

Tulifika Kakamega alfajiri na mapema, tukapanda matatu ya kwenda upande wa Webuye. Binti yangu alikaa dirishani. Nilimwonyesha Lubao, mahali palipo na soko la mbwa, ambako watu hufika na mbwa wao kwa kamba kama wengine wanavyofika na mbuzi. Alidhani namtania. Kisha yakaja mashamba ya miwa ya Kabras, na matrekta yaliyosheheni miwa yakipanda mlima kwa kuugulia, na harufu tamu ya sukari nguru ikiingia garini. Mwishowe ukaonekana msitu wa Malava kandokando ya barabara, kipande cha msitu mkubwa wa zamani kilichosalia kama kiraka kwenye suruali kuukuu. Tumbili walikuwa wameketi ukingoni wakingoja bahati yao.

"Mulembe, kukhu," binti yangu alimwamkia bibi yake kama nilivyomfundisha njiani.

"Mulembe, mwana," mama akajibu, akamshika mkono, akaugeuza na kuvitazama vidole vyake kimoja kimoja. "Vidole vya kufuma hivi. Vimekaa bure tu."

Mama sasa ana zaidi ya miaka sabini. Alifundishwa kufuma na mama yake, na mama yake alifundishwa katika mikutano ya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1952. Miaka ile vikundi vyake vilifundisha kina mama wa vijijini kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto. Kabla ya hapo hapakuwa na sababu ya Mkabarasi kufuma sweta. Kondoo wetu wa kienyeji wana nywele fupi kama za mbuzi, si manyoya ya kusokotwa. Kondoo wa sufu waliletwa na walowezi. Lord Delamere aliwaagiza kondoo wa aina ya merino akawaweka Njoro mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakafa kwa wingi kwa maradhi na kwa malisho yaliyopungukiwa na madini. Ilichukua miaka na hasara nyingi kabla ya sufu kushika mizizi nchini. Hata leo sehemu zinazotajika kwa kusokota sufu kwa mkono ni zile za baridi zilizokuwa za walowezi. Nanyuki ndipo kina mama walipoanzisha kikundi chao cha kusokota na kufuma mwaka wa 1977.

Uzi wa mama yangu ulitoka upande wa Eldoret, mji uliokuwa na viwanda vya nguo na nyuzi vya kutajika: Raymond kwa mablanketi, Rivatex kwa vitambaa, Ken-Knit kwa nyuzi za kufumia. Ulifika Malava kwa basi, ukauzwa madukani kwa donge. Kwa uzi huo mama alifuma sweta za shule, kofia za watoto wachanga, na vile vitambaa vya kutandika juu ya makochi ambavyo nyumba ya Mluhya haikamiliki bila ya kuwa navyo. Baba alikuwa bawabu Nairobi, na pesa zake zilikuja kwa bahasha ya posta, miezi mingine zisije. Sindano mbili za mama ndizo zilizotununulia chumvi na mafuta ya taa.

Nami nilijua kufuma. Msomaji kijana asishangae. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulituletea masomo ya mikono, wavulana kwa wasichana. Sindano za dukani hatukuwa nazo, kwa hivyo tulizitafuta spoku za baiskeli kwa fundi, tukazinoa ncha kwenye jiwe na kuchomeka kipande cha gunzi upande wa pili ili vitanzi visiponyoke. Darasa zima lilikuwa likifuma kwa spoku. Siku ya ukaguzi mwalimu alipita akivuta kazi zetu kuona iwapo zitafumuka. Yangu haikufumuka, na jioni ile nilimwonyesha mama kwa fahari kubwa.

Basi nikafanya mtihani wa KCPE mwaka wa 1990, nikapata nafasi katika shule moja ya upili ya bweni. Hiyo ilikuwa miaka ya kugawana gharama. Serikali ilikuwa imewatwika wazazi sehemu kubwa ya mzigo wa elimu, na orodha ya mahitaji ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo: godoro, sanduku, ndoo, blanketi, viatu vyeusi, sweta ya kijani kibichi. Sweta iliuzwa shuleni, lakini bei yake ingemaliza pesa za godoro. Mama alisema, "Sweta usiwe na wasiwasi nayo."

Sweta ya mvulana wa kidato cha kwanza hula zaidi ya gramu 400 za uzi. Mama hakuwa na pesa za kununua uzi wote kwa mara moja, akawa ananunua donge moja leo na mawili wiki ijayo. Alifuma mgongo, akafuma kifua, akafuma mkono wa kulia. Siku tatu kabla ya safari yangu uzi ukamwishia. Alikimbia dukani jioni, giza limeingia, akachagua madonge mawili ya kijani chini ya mwanga wa karabai. Alifuma mkono wa kushoto usiku kucha, na asubuhi nilipotoka nje na sweta yangu mpya, jua likatuonyesha jambo ambalo karabai ilitufichia. Mkono wa kulia ulikuwa na kijani cha msitu. Wa kushoto ulikuwa na kijani cha mgomba mchanga.

Mama aliutazama mkono ule kwa muda. "Ukifuliwa mara mbili tatu utafanana," alisema. Sote wawili tulijua haikuwa kweli.

Msomaji mpendwa, huenda ulisoma bweni, nawe unajua wavulana walivyo. Siku ya kwanza tu nilipewa jina la Mgomba. Bwanamdogo wa kidato cha pili alikuwa akiushika mkono wangu wa kushoto mstarini na kuuliza ndizi zitaiva lini. Naibu wa mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya shule nzima akataka kujua kama nimevaa sare mbili. Nilicheka pamoja na wenzangu, kisha usiku nikalia chini ya blanketi. Nikawa naivaa sweta ile kwa kuikunja mikono, kisha nikaacha kuivaa kabisa, nikavumilia baridi ya Julai.

Bwenini mwetu mlikuwa na mvulana asiyekuwa na sweta ya aina yoyote, yenye mikono ya kufanana wala isiyofanana. Alikuwa mtu wa upande wetu, kutoka kijiji cha mbele kidogo ya Malava. Usiku mmoja wa mvua alinijia kitandani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shangazi yake amemtembelea na kumletea mkate mzima na kopo dogo la Blue Band. Alitaka sweta yangu. Nilimpa. Mkate ule niliula na marafiki zangu usiku huo huo, vipande vinene, siagi hadi pembeni.

Likizo ilipofika nilimwambia mama kwamba sweta iliibwa kambani. Alinitazama, akasema, "Basi tutafanya nyingine." Akauza kuku wawili, akaenda dukani mchana, jua la utosini. Akamwomba mwenye duka amwekee kando madonge tisa yenye namba moja hadi atakapomaliza kuyalipia. Sweta ile ya pili niliivaa mpaka kidato cha nne, na haikuwa na kasoro.

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu kwa zaidi ya miaka thelathini nilipokuwa nikimfuata mama na binti yangu sokoni.

Ilikuwa siku ya soko, na yeyote aliyewahi kufika soko la Kabras anajua hali yake. Mama mboga wamepanga mrenda na saga kwenye magunia, wauza omena wanapepeta, vijana wa mitumba wamepanda juu ya meza wakiimba bei. Mama alipita kote huko bila kutazama kando. Tulifika mahali ambapo mwanamke mmoja aliuza nyuzi chini ya turubai la rangi ya chungwa. Madonge yalikuwa ndani ya mifuko ya plastiki, mekundu, ya samawati, ya zambarau, na ya kijani ya sare za shule.

Binti yangu alilifikia la waridi kwa mkono wote. Mama akamzuia.

"Uzi haununuliwi kwa macho peke yake, mwana. Kwanza mwulize uzi wenyewe wewe ni nani."

Akachomoa uzi mfupi kutoka kwenye donge, akaomba kiberiti. Mwenye kibanda hakukasirika. Alimpa akitabasamu, kama mtu anayemjua mteja wake. Uzi ulishika moto, ukajikunja, ukayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu.

"Huu ni wa kiwandani," mama alisema. "Haukutoka kwa kondoo."

Uzi wa namna hiyo huitwa akriliki na asili yake ni mafuta ya petroli. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuutengeneza kwa biashara mwaka wa 1950, na kwa sababu ni rahisi, haupungui ukifuliwa na hauliwi na nondo, ukaenea duniani kote. Sare nyingi za shule zetu ni huo. Adui yake ni pasi ya moto. Ukiipitisha juu yake, sweta hulala kama chapati na haiamki tena. Sufu halisi ukiichoma hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake hupondeka kwa vidole. Pamba huungua kama karatasi. Hayo mama aliyaeleza huku akichoma kipande baada ya kipande, na binti yangu akinusa kila mmoja na kukunja pua.

"Kwa nini sufu ni ghali, kukhu?"

"Kwa sababu ina joto hata ikilowa."

Nami nikaongeza niliyoyasoma, kwamba nyuzi za sufu zina mawimbi madogo yanayoshika hewa, na kwamba sufu inaweza kunyonya maji kiasi cha thuluthi ya uzito wake kabla mtu hajahisi unyevu. Mama alinitazama kama mtu asiyeona haja ya maelezo marefu hivyo.

Kutoka hapo alituongoza hadi kwenye mitumba, na hapo ndipo nilipoona ujanja ambao nilikuwa nimeusahau. Mama hakutafuta sweta ya kuvaa. Alizigeuza ndani nje, moja baada ya nyingine, akachungulia mishono ya ubavuni. Sweta ambayo ubavu wake umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa cherehani haifai, kwa maana ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi kama tambi. Lakini ile ambayo pande zake ziliunganishwa kitanzi kwa kitanzi hufumuka kwa uzi mmoja, safu baada ya safu, mpaka inakwisha. Aliipata moja ya kijivu, kubwa, ya mtu mzima wa Ulaya, kiwiko kimetoboka. Alichoma uzi wake, akanusa, akanipa ninuse. Nywele zilizoungua.

"Sufu tupu," alinong'ona ili muuzaji asisikie, na akaanza kulalamikia lile tundu la kiwiko. Bei ikashuka mara tatu. Sufu ambayo mjini ningeilipia pesa nyingi aliinunua kwa bei isiyozidi soda mbili.

Akamweleza mtoto kazi iliyobaki. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja, kwa hivyo huzungushwa kwenye mgongo wa kiti uwe kitita, ukafungwa sehemu nne usichanganyike, ukaloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha ukaanikwa kivulini ukiwa na kitu kizito chini ili unyooke. Kesho yake huviringwa uwe donge, nao huwa kana kwamba haujawahi kuwa sweta ya mtu.

Lakini mtoto ni mtoto, na alitaka rangi pia. Tulirudi chini ya lile turubai la chungwa. Alichagua donge la kijani, kisha akachukua la pili kutoka mfuko mwingine.

"Haya yanafanana," alisema.

Mama akayachukua yote mawili. Bila neno akatoka nayo nje ya turubai, akasimama katikati ya njia, jua likimpiga, watu wakimpita na mikokoteni. Akayainua juu. Hata mimi niliyekuwa mbali niliiona tofauti. Moja lilikuwa kijani cha msitu, na jingine kijani cha mgomba.

"Njoo uone," alimwita mtoto. "Chini ya turubai kila rangi ni ndugu. Uzi huchaguliwa juani. Na tazama hapa kwenye karatasi, kuna namba mbili. Hii ni ya rangi. Hii nyingine ni ya siku uliyotiwa rangi, maana hata mpishi mmoja hapiki ugali mara mbili ukawa sawasawa. Namba zote mbili zifanane. Na ununue wote siku moja, au umwombe mwenye duka akuwekee. Mimi nilijifunza hilo kwa sweta ya baba yako."

Nilihisi masikio yakipata moto.

"Sweta gani, kukhu?"

"Ile aliyouza kwa mkate."

Soko lote lilikuwa likipiga kelele, lakini mimi sikusikia kitu. Mama hakunitazama. Aliendelea kuongea na mtoto kwa sauti ile ile aliyoielezea namba za uzi, kama mtu anayesimulia habari za mvua ya juzi.

Likizo ile ile niliyomdanganya, alisema, alikuwa hapa hapa sokoni akiuza kofia za watoto. Akamwona mvulana amevaa sweta yenye mkono wa kijani cha mgomba. Fundi huijua kazi yake hata gizani. Alimwita, akamwuliza ameipata wapi. Kijana aliogopa, akaeleza yote: bweni, mvua, mkate, Blue Band. Alidhani atavuliwa. Mama alimshika ule mkono, akauangalia, akaona uzi umeachia kwenye kiwiko.

"Nilimwambia avae," mama alisema. "Nikamwambia kikitatuka kiwiko aniletee nimshonee. Akaniletea mara mbili. Hakuwa na mama, yule mtoto."

Nilisimama pale na mifuko mikononi. Hapo nikakumbuka kwamba alipouza wale kuku wawili, tayari alijua. Alipomlipa mwenye duka kidogo kidogo kwa ajili ya madonge tisa, alijua. Kila aliponiuliza kwenye barua kama sweta mpya inanitosha, alijua.

"Mama," nilianza.

"Shika huu," alisema, akanipa donge. "Usianguke kwenye tope."

Njiani kurudi nilipata habari nyingine. Mvulana yule sasa ni mwalimu, na kila Krismasi hupita nyumbani na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Humwita mama. Sikuuliza zaidi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijafika nyumbani Krismasi mbili mfululizo, na kisingizio changu kilikuwa kazi.

Alasiri mvua ilinyesha kama kawaida ya kwetu. Tulikaa jikoni, moto ukiwaka, mahindi ya kuchoma yakidata. Binti yangu alikuwa ameshajifunza kuanzisha vitanzi kutoka kwenye video ya simu akiwa Nairobi, lakini video haikumwambia kwamba anavuta uzi kwa nguvu mno. Bibi yake alimwambia. Alimfumisha kwanza kipande kidogo cha mraba, ahesabu vitanzi vingapi vinajaza upana wa vidole vinne, ndipo apige hesabu ya kichwa chake. "Wasiopima hufuma kofia ya ng'ombe," alisema.

Mtoto aliposinzia, tukabaki wawili. Nilijua nisiposema usiku ule sitasema tena.

"Mama, nisamehe kwa ile sweta. Na kwa uongo."

Alimaliza safu aliyokuwa akiifuma kabla ya kujibu, kwa maana mfumaji haachi safu katikati.

"Mkate wenyewe ulikuwa mtamu?" aliuliza.

"Ulikuwa mtamu, mama."

"Basi," alisema. Baada ya muda akaongeza, polepole zaidi: "Mimi nililia siku ile ulipotoka asubuhi na mkono ule. Si wewe uliyenifanya nilie. Ni yale madonge mawili."

Kwa miaka yote ile nilidhani aibu ilikuwa yangu peke yangu, kumbe yeye alikuwa na yake, nayo ilikuwa nzito zaidi, na aliibeba bila kumlaumu mtu. Niliomba sindano. Alinipa jozi ya ziada bila kushangaa. Vidole vilikumbuka, ingawa kwa kusuasua, kama mtu anayerudi kijijini akakuta njia imeota nyasi.

Wazazi wenzangu wa mjini, tunalalamikia sana hizi kazi za mikono ambazo mtaala wa umilisi unawapa watoto wetu, na mara nyingine tunalalamika kwa haki. Kuna mzazi ambaye donge la uzi ni chakula cha jioni. Lakini kabla ya kumlipa fundi akufumie kofia ili mtoto apate alama, uliza kwanza kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua. Mtoto wako atapata kofia, nawe huenda ukapata jambo ambalo hukulitafuta. Na wewe mwanafunzi unayeona haya kwa kitu ulichotengenezewa nyumbani, sitakuhubiria, kwa maana nilikuwa wewe. Nitakuambia tu kwamba aliyekitengeneza anaiona kasoro yake kabla yako.

Kofia ya binti yangu ilifika shuleni Januari, imeelemea upande mmoja kidogo. Anaivaa hata ndani ya nyumba.

Mimi nilirudi Nairobi na madonge kumi ya kijani cha msitu, yote yenye namba moja, niliyoyachagua juani. Nafuma usiku baada ya taarifa ya habari, na watoto wamezoea kunicheka. Ni sweta ya mama, ya kuvaa asubuhi za baridi anapokwenda kukama. Mgongo nimemaliza, na kifua, na mkono wa kulia. Umebaki wa kushoto, na uzi upo wa kutosha.